Ua la Bilinganya kwa Mwalimu Mot

Na ijulikane kwa watu wote, wa kando ya mto Nan na wa ng'ambo yake, kwamba siku ya Jumatatu, mara baada ya mpunga kuvunwa, Shule ya Bweni ya Wasichana ya Neema ilimteua Mkufunzi wa Lugha, Adabu na Ufasaha, ili amfundishe Mchungaji kutoka Norwe kusema Kithai cha kueleweka. Uteuzi ulifanyika kwa heshima zote, mbele ya mashahidi, ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

Mkufunzi huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, soksi moja juu na moja chini, na alikuwa ameitwa ofisini kujibu shtaka la kumvisha jogoo wa mpishi sare ya shule.

"Mot," akasema Bi Khanittha, Mwalimu Mkuu, "jogoo ameingia darasani akapanda dawati la tatu. Mwalimu wa hesabu amemwita jina."

"Aliitika, mama?"

"Usinijibu!"

Mot akainamisha kichwa. Jina lake la cheti lilikuwa Phikun, lakini tangu kuzaliwa aliitwa Mot, yaani sisimizi, kwa sababu alikuwa mdogo, mweusi, na haikuwezekana kumzuia asiingie mahali.

"Nikikupa ufagio, unaugeuza upanga," akaendelea Bi Khanittha. "Nikikupa vyombo uoshe, wenzako wanaacha kula wanakutazama wewe. Sasa nakupa mtu mzima. Kila jioni, saa nzima, utakaa na Mchungaji Torleif uzungumze naye mpaka ulimi wake ulainike. Na kosa moja tena, Mot, moja tu, narudisha sanduku lako kwa baba yako."

Tishio hilo halikuwa dogo. Baba yake Mot, Bwana Thongdi, alikuwa mfalme. Si mfalme wa nchi. Mfalme wa likei, ile michezo ya jukwaani ya mataji ya vioo na soksi nyeupe, ambamo wafalme hulia kwa kuimba na malkia hupigana makofi mpaka alfajiri. Mot alilelewa ndani ya sanduku la mavazi, nyuma ya pazia, na baba yake alikuwa ameapa kwamba binti yake hatapaka poda usoni ili apate kula. Ndiyo maana alimleta kwa Wakristo, ambao hawajui kucheza lakini wanajua kufundisha.

Mchungaji Torleif mwenyewe hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote. Wasichana walimwita Mnazi. Kila mlango wa shule ulikuwa umeshampiga paji la uso walau mara moja, na mlango wa kanisa ulimpiga mara saba, hata fundi akaushonea kipande cha godoro kwa juu. Alikuwa na mwaka na nusu mjini, na alikuwa ameshindwa mtihani wa lugha mara mbili.

Mtihani wenyewe ni hivi: wazee watatu wa baraza la kanisa huja kwa treni kutoka Bangkok, mgeni huhubiri, kisha huongea nao, nao huamua. Mara ya kwanza jasho lilimwingia Mchungaji machoni, akasahau kila kitu mpaka jina lake. Mara ya pili alihubiri vizuri sana. Shida ni kwamba hakuna aliyesikia. Walikuwa wameketi mkekani, na miguu yake, kwa kukosa pa kwenda, ikajinyoosha taratibu ikamwelekea Mzee Bunrueang, mwenyekiti wa baraza, nyayo kwa uso, jambo ambalo pande zile ni tusi. Kwa dakika arobaini mzee yule alihubiriwa na vidole kumi vya miguu. Alirudi kwa treni ya jioni bila kugusa chakula.

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akishindwa, anarudishwa kwao.

Siku ya kwanza ya somo, walikaa kwenye meza ya saruji nyuma ya jiko. Mot akauliza, kwa ukali wa kikufunzi, "Kwa nini unataka kubaki? Kwenu hakuna kazi?"

Mchungaji alitafuta maneno moja moja, kama mtu anayetafuta mawe ya kukanyagia kwenye maji. "Ng'ambo ya mto... kanisa dogo. Watu kumi na mmoja. Hawana mchungaji, miaka minne. Bibi Chan, ana miaka themanini na tatu. Amesema hafi mpaka mimi nijue kumzika kwa maneno anayoyaelewa." Akapangusa jasho. "Amechoka kungoja."

Mot alicheka. Kisha akaona Mchungaji hacheki, akafunga mdomo.

Wiki mbili za kwanza Mot alifundisha kwa uaminifu uliowashangaza wote, yeye mwenyewe akiwamo. Walifuata kitabu. Hiki ni kiti. Kile ni kiti. Je, kiti kile ni kikubwa? Ndiyo, kiti kile ni kikubwa. Mchungaji akienda sokoni na Kithai hicho, wachuuzi walimsikiliza kwa huruma, wakamsahihisha neno moja, wakamfungia mboga na kugeukia mteja mwingine. Alirudi kila mara mabega yameshuka.

Wakati huohuo, kwa haki ya historia, lazima itajwe ajali moja iliyotokea kanisani. Siku ya Jumapili, Mchungaji alipokuwa katikati ya sala fupi aliyoikariri juma zima, mjusi mkubwa wa madoadoa, yule anayetaja jina lake mwenyewe, alilia kutoka ndani ya kinanda. "Tok-ke!" Sasa, mjusi huyu akilia, mtu yeyote mwenye akili huhesabu, kwa maana idadi ya milio ina bahati zake. Kanisa zima likaacha kusali likahesabu. Alilia mara tisa. Mpishi alikimbia kwenda kununua bahati nasibu kabla ya amina. Uchunguzi ulifanyika. Aliyemtia mjusi kwenye kinanda hajulikani, na msimulizi wa habari hizi hana la kuongeza.

Ilipofika wiki ya tatu, viti vilikuwa vimemfika Mot kooni.

"Mchungaji," akasema, uso mkavu kama kaa la jana, "umeshamaliza Kithai cha watoto. Sasa nataka nikupe Kithai cha watu wenye heshima. Lakini si kila mtu hupewa."

Macho ya buluu ya Mchungaji yakaangaza. Akafungua daftari jipya.

Mot akamfundisha maneno ya baba yake. Akamfundisha namna mfalme aliyefukuzwa ikulu anavyoomba maji kwa mke wa mkulima. Akamfundisha namna mwana wa mfalme anavyojitaja, namna anavyosifu, namna anavyoapa kwa mbingu tatu na milima saba. Akamfundisha hata kushusha pumzi kabla ya neno la mwisho. Mchungaji aliandika kila kitu, akakirudia chumbani kwake kwa sauti mpaka mbwa wa shule wakahamia upande wa pili wa uwanja.

Jumamosi wakaenda sokoni. Mot na rafiki yake Kop, jina lake lina maana ya chura, wakajificha nyuma ya gari la barafu. Mchungaji akasimama mbele ya beseni la kambare la Shangazi Samruai, mwanamke mwenye mikono kama mapanga na ulimi unaofanana nayo. Akashusha pumzi.

"Ewe mama mtukufu," akanguruma, "ambaye uso wako waushinda mwezi wa kumi na nne! Mimi mja mnyonge, mwana wa nchi ya theluji, niliyetupwa mbali na jumba la baba yangu, nimefika mbele ya ziwa lako la dhahabu. Nihurumie kambare wawili, nisije nikafa kwa njaa na jina langu likasahauliwa!"

Soko likanyamaza. Bata mmoja akalia. Kisha kikapasuka kicheko ambacho kilifika mpaka kituo cha treni.

"Mot, nakufa," akasema Kop, amejikunja. "Haki ya nani, mbavu zangu."

"Subiri, bado hajamfikia muuza mabalungi."

Shangazi Samruai alikuwa amejishika kiuno, machozi yanamtoka. "Hee! Nimeuza samaki hapa miaka thelathini, na mume wangu ninaye, hajawahi kuniambia nina uso wa mwezi! Sema tena, baba. Huyo mke wa mganga hakusikia, sema tena!"

Mchungaji akasema tena. Akapewa kambare wanne. Mtu akamvutia kigoda, mwingine akamtilia chai ya barafu, na kinyozi akatoka kinyozini huku mteja wake amebaki na ndevu upande mmoja.

Jioni ile Mchungaji alikuja kwenye meza ya saruji akitembea wima kama bendera. "Mwalimu!" akasema. "Wamenielewa! Nimekaa nao saa mbili!"

"Nilikwambia," akasema Mot, na kichwa kikamvimba.

Tangu hapo mji ulikuwa wake. Mwenye posta alimtaka amsifu mbele ya wakwe zake. Polisi wa njia panda alimpigia saluti. Jumatano na Jumamosi alikwenda sokoni peke yake, bila mwalimu, akakaa kwenye kigoda cha Shangazi Samruai mpaka samaki waishe. Bwenini, Mot alikuwa akiigiza yote hayo juu ya kitanda, na wasichana walimlipa kwa peremende za nazi.

Likizo ya joto ilipofika, Mot akarudi kwa baba yake, wakazunguka mahekalu ya mkoa na kundi la likei. Usiku wa kwanza tu akamsimulia. Alitegemea acheke mpaka taji limdondoke. Bwana Thongdi hakucheka. Alikuwa anajifuta poda, nusu ya uso mfalme, nusu baba.

"Mimi nikipanda jukwaani," akasema, "watu wanajua si mfalme, nami najua. Tunacheka pamoja. Huyo mzungu wako, anajua?"

Mot akaanza kukunja soksi za mfalme.

"Basi hamcheki pamoja," akasema baba yake, na akaendelea kujifuta.

Maneno yale yalimganda Mot kama utomvu wa fenesi: kila alipojaribu kuyatoa yalihamia kidole kingine. Na shule ilipofunguliwa, mvua za kwanza zikinyesha, alikuta tangazo limebandikwa mlango wa ofisi. Wazee wa baraza watawasili Jumatano. Alhamisi watakuwa wageni wa heshima katika siku ya kuwaheshimu walimu. Ijumaa watampa Mchungaji Torleif mtihani wake wa tatu.

Mot akakimbia kwenye meza ya saruji.

"Mchungaji, kuanzia leo tutumie maneno mafupi. Yale marefu tuyaache kidogo. Yapumzike."

Mchungaji akashusha pumzi. "Ewe mwalimu wangu, mwenye hekima ya tembo mweupe! Mbona wanipokonya hazina uliyonipa kwa mikono yako?"

"Ni kwamba... hewa ya mvua si nzuri kwa maneno marefu."

"Hata mvua isimame na ngurumo zipige magoti," akasema Mchungaji kwa upole, "sitayaacha."

Mara tatu Mot alifungua mdomo aseme ukweli, na mara tatu mdomo ukatoa habari za hali ya hewa. Usiku alijigeuza kitandani kama samaki kwenye mkaa.

"Mwambie tu," akasema Kop kutoka kitanda cha chini.

"Nikimwambia, Bi Khanittha atajua. Nafukuzwa mimi."

"Usipomwambia anafukuzwa yeye."

"Kwani wewe nani, hakimu?"

"Mimi chura. Nakaa chini, naona miguu ya kila mtu. Yako inatetemeka."

Alhamisi ikafika. Tangu alfajiri wasichana walikuwa wakitafuta maua kwenye ua wa kila jirani: nyasi zile zinazotambaa, ili elimu isambae, ua la iksora lenye ncha, ili akili ichongoke, na ua la bilinganya, ambalo likichanua huinamisha kichwa, ili mwanafunzi naye ajue kuinama. Yote hayo hupangwa kwenye sinia lenye mguu. Walimu waliketi kwenye viti mbele ya ukumbi, wazee watatu wa baraza kando yao, Mzee Bunrueang katikati na bakora yake. Wanafunzi walikuwa chini, sakafuni, safu kwa safu. Darasa kwa darasa walitambaa kwa magoti, wakainama mpaka chini, wakatoa maua, wakarudi.

Kila kitu kilikwenda kwa utulivu mpaka mlango wa nyuma uliposema *ngo!*

Hakuna aliyehitaji kugeuka. Walijua ni paji la uso la nani.

Mchungaji Torleif alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mikononi alikuwa na sinia lenye nyasi, iksora na ua la bilinganya, yamepangwa vibaya kidogo lakini yote yalikuwapo. Akapiga magoti palepale mlangoni akaanza kutambaa. Alikuwa mrefu kiasi kwamba hata kwa magoti aliwazidi wasichana wa kidato cha kwanza wakiwa wamesimama. Akawapita walimu. Akampita Bi Khanittha, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mikono kupokea. Akawapita wazee. Kisha akakunja kona, akaingia kati ya safu za wanafunzi, akasimama, kwa magoti, mbele ya Mot.

"Mwalimu wangu," akasema.

Ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja.

Kila mtoto aliyezaliwa pande zile anajua jambo hili kabla ya kujua kuvaa viatu: mtu mzima hamwinamii mtoto. Akikuinamia wewe uliye mdogo kwake, anakukata umri. Na huyu alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye mvi, mtumishi wa Mungu, na mikono yake miwili imeshaungana, inapanda taratibu kuelekea kwenye paji la uso lenye nundu mpya.

Mot aliona miaka yake ikipukutika. Alifanya jambo moja tu lililobaki: alijishusha. Aliinama mpaka pua ikagusa magoti, ili kichwa chake kiwe chini ya kichwa cha mzee.

Lakini Mchungaji naye alikuwa amefundishwa, na aliyemfundisha ni Mot mwenyewe, kwamba kichwa cha mwanafunzi kisiwe juu ya kichwa cha mwalimu. Akashuka zaidi.

Mot akalala kifudifudi.

Mchungaji akalala kifudifudi, safu mbili za wasichana zikisogea kupisha miguu yake.

Mot akabandika shavu kwenye saruji. Mchungaji akabandika lake. Wakabaki hivyo, uso kwa uso, sinia la maua katikati, kama mamba wawili waliokutana kwenye mfereji.

"Mot," akanong'ona Kop, "chimba."

Ndipo Mchungaji, kutoka pale sakafuni, akashusha pumzi.

"Ewe mwalimu mtukufu! Ewe taa ya mbingu tatu! Mimi mja mnyonge, mwana wa nchi ya theluji, nakuletea moyo wangu juu ya sinia hili, na milima saba iwe shahidi!"

Ukumbi ulipasuka. Wasichana waliangukiana. Mwalimu wa hesabu alijifunika uso kwa leso, mabega yanaruka. Bakora ya Mzee Bunrueang ilipogonga sakafu mara ya tatu, kicheko kikakatika kama uzi.

Mzee alikuwa amesimama. Hakuwa anacheka.

"Mara ya kwanza hukusema kitu," akasema. "Mara ya pili ukatusemesha na miguu. Leo, siku ya kuwaheshimu walimu, mbele ya watoto, unatuchezea likei? Nani amekufundisha kutufanyia mzaha?"

Mchungaji hakuinua shavu sakafuni.

"Nimeuliza. Kama kuna aliyekufundisha, mtaje. Usipomtaja, mzaha ni wako mwenyewe, na hakuna haja ya kungoja kesho. Treni ni saa kumi na mbili."

Mchungaji akamtazama Mot.

Mot aliyaona macho yale ya buluu, karibu kabisa. Mbele ya pua yake lilikuwa ua la bilinganya, la zambarau, limeinamisha kichwa chake kama linavyojua siku zote. Akamwona Bibi Chan, ambaye hajawahi kumwona, ameketi ng'ambo ya mto, anangoja kufa, na hakuna wa kumzika kwa maneno anayoyaelewa. Akaona sanduku lake limefungwa kamba. Akaona nusu ya uso wa baba yake.

"Ni mimi, babu," akasema.

"Nani huyo? Sauti inatoka wapi?"

"Huku chini, babu. Mimi Mot wa kidato cha tatu. Nilimfundisha maneno ya likei nikamwambia ndiyo maneno ya watu wenye heshima. Nilikuwa nimechoka na viti. Tulikuwa tunajificha nyuma ya gari la barafu kumcheka. Yeye hakujua. Amekuja kuniheshimu kwa moyo wake, na heshima aliyonayo ni hiyo niliyompa, mbovu. Mnifukuze mimi. Yeye msimrudishe kwao, kuna watu kumi na mmoja wanamngoja, na mmoja wao ni bibi aliyechoka kungoja."

Mvua ikasikika juu ya mabati.

Kisha ikatoka sauti nyingine sakafuni, ya chini, ya kawaida, yenye lafudhi ya beseni la samaki.

"Samahani, Mzee. Nilijua."

Mot akainua kichwa, akakumbuka umri wake, akakirudisha.

"Shangazi Samruai, yule wa kambare, aliniambia mwezi wa pili," akasema Mchungaji. "Akaniambia, 'Baba, unaongea kama mfalme wa maonyesho, nani kakuchezea?' Nilikasirika siku mbili. Halafu nikafikiri. Kithai cha kitabu nilikisema mwaka mzima, watu wakanisahihisha wakaenda zao. Nikasema cha likei, wakacheka, wakanivutia kigoda. Mtu akishakuvutia kigoda, hakusahihishi tena, anapiga soga na wewe. Basi nikawa nafungua na likei, nikishakaa naongea kama wao. Likizo nzima nimekaa pale. Najua sasa bei ya samaki, najua nani kagombana na mkwewe, najua namna ya kumpa pole mfiwa, maana mume wa muuza mabalungi alikufa mwezi wa nne, nami nilikuwa pale." Akapumua. "Milango yote ya mji huu imenigonga kichwa, Mzee. Ule alionifungulia huyu mtoto ndio pekee ambao haukunigonga. Ndiyo maana nimemletea maua. Maua ni ya kweli."

"Na hiyo hotuba ya milima saba?"

Mchungaji akalisogeza sinia kidogo. "Hiyo nilitaka nione atafanya nini."

"Na nilipokuuliza, mbona hukusema?"

"Mwanafunzi hamshtaki mwalimu wake, Mzee. Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe." Akaongeza polepole, "Nilikuwa nimeanza kuogopa."

Mzee Bunrueang aliwatazama wote wawili. Kisha akainama kwa mzee wa kulia kwake, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Hebu angalia. Miguu yake imeelekea wapi?"

Mzee wa kulia akanyoosha shingo. "Mlangoni, Mwenyekiti. Haimwelekei mtu."

"Basi amejifunza," akasema Mzee Bunrueang. Akaketi, akalaza bakora magotini. "Kesho sina haja ya kusikiliza mahubiri, nimeshamsikia. Mchungaji, kavuke mto. Na huyo bibi mwambie asiharakishe."

Walimu wakapiga makofi, wasichana wakapiga vigelegele, na Mchungaji Torleif akainuka, sehemu kwa sehemu, kama daraja linalofunguliwa. Mvi zake zilikuwa zimejaa vumbi na macho yake yalikuwa yamelowa.

Mot alibaki pale pale. Viatu vyeusi vya Bi Khanittha vikaja vikasimama karibu na sikio lake.

"Inuka."

"Siwezi, mama. Najisikia vizuri huku."

"Nilisema kosa moja tena."

"Ndiyo, mama."

"Bahati yako leo ni siku ya walimu, na mwalimu hafukuzwi siku ya walimu. Kila Jumamosi utavuka mto na Mchungaji umsomee Bibi Chan, mpaka bibi mwenyewe aseme basi." Viatu vikageuka kuondoka. Vikasimama. Vikarudi. "Mot. Kwa kuwa uko hapo chini na leo ulimi wako unasema kweli. Yule mjusi wa kwenye kinanda."

Kop akatazama dari kwa bidii. Mchungaji, ambaye ilimchukua juma zima kukariri sala ile, akakuna nundu yake na kungoja.

Hapo ndipo msimulizi wa habari hizi, aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mhusika hajulikani na kwamba hana la kuongeza, anaona hana budi kuongeza. Mjusi nilimkamata mimi, mama, nyuma ya jiko, kwa kitanzi cha uzi na panzi mmoja. Kinanda nilikifungua kwa kijiko cha mpishi. Na alilia mara kumi, si tisa. Ya kumi mlikuwa mnapiga kelele.